Gari Linazima, Linawaka Lenyewe: Namna ya Kuibana Distributa Inayojificha

Unatoka Buhongwa, hapa Mwanza, asubuhi, gari halina neno. Ukifika foleni ya Mkuyuni, jua limeshapanda, injini inakata ghafla. Unapiga stata, wapi. Watu wanakusukuma pembeni, unafungua boneti, unampigia fundi. Anapofika anapiga stata mara moja na gari linanguruma. Anasugua plagi, anapuliza kofia ya distributa (kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwenye plagi), unamlipa chake, na wiki haiishi mambo yanarudi yale yale.

Hitilafu ya namna hii haikamatwi gari likiwa zima. Ukiipima distributa wakati inafanya kazi, jibu utakalopata ni kwamba inafanya kazi. Ndiyo maana watu wanabadilisha plagi, wanabadilisha koili (inayokuza umeme wa betri uwe wa cheche), wanamaliza na distributa nzima ya mtumba, na bado gari linazima. Kabla ya kununua chochote, tafuta kwanza nini kinaiamsha hitilafu: joto, unyevu au mtikisiko. Halafu uwe na vifaa vichache ndani ya gari ili siku likizima, upime hapo hapo.

Hakikisha gari lako lina distributa

Kama una IST, Vitz au Spacio new model, mwongozo huu haukuhusu. Injini zake za VVT-i zina koili juu ya kila plagi, hazina distributa. Utaikuta kwenye Corolla na Carina nyingi za injini ya 4A na 5A, Corona na RAV4 za zamani za 3S, TownAce za 5K, Hiace za 2RZ, Nissan Sunny za GA15 na Suzuki Escudo za G16. Fuata waya nene za plagi: zote zinarudi kwenye kofia moja nyeusi au ya kahawia. Hiyo kofia ndiyo kichwa cha distributa.

Angalia pia kama kuna waya nene wa tano katikati ya kofia. Ukiwepo, koili iko nje na waya huo ndio unaoleta moto, yaani umeme wa cheche. Usipouona, koili imefungiwa humo humo ndani, na mara nyingi ignita pia (kifaa cha kielektroniki kinachokata na kurudisha umeme wa koili). Magari ya zamani zaidi yana platini na kondensa badala ya ignita. Tofauti hii itakusaidia wakati wa kupima, kwa hiyo ijue mapema.

Jambo moja la usalama, nalo si la kupuuzia: moto unaotoka kwenye koili unafika volti 20,000 na kuendelea. Usishike waya wa plagi kwa mkono injini ikiwa inazunguka, hasa ukiwa umelowa au umesimama kwenye maji. Mtu mwenye kifaa cha kusaidia moyo asikaribie kabisa. Na usipime cheche mahali penye harufu ya petroli.

Ni moto au ni mafuta?

Gari likikosa mafuta kwa kawaida linakuaga. Linavuta na kuachia, linakosa nguvu mlimani, linakohoa, ndipo linazima. Moto ukikata, injini inakufa papo hapo, na wakati mwingine ukirudi ghafla unasikia mlipuko kwenye ekzosi kwa sababu petroli iliyokuwa haijaungua imelipukia huko.

Kuna dalili nzuri ambayo madereva wengi hawaiangalii. Gari la gia za mkono likikata moto likiwa kwenye mwendo, usikanyage klachi mara moja. Kama barabara ni salama, tazama mshale wa RPM. Magurudumu bado yanaizungusha injini, kwa hiyo mshale ungetakiwa ubaki juu ukishuka taratibu na mwendo. Ukianguka hadi sifuri huku gari bado linakwenda, umeme mdogo wa koili (ule wa volti za betri) au ishara ya distributa imepotea. Kwenye magari mengi mshale huo unasoma kutoka huko huko.

Hapa kuna mtego. Kwenye Toyota za EFI (zinazorushiwa mafuta kwa nozeli na kompyuta), pikapu, yaani sensa ndogo iliyo ndani ya distributa ndiyo inayoiambia kompyuta ya gari kwamba injini inazunguka. Pikapu ikinyamaza, kompyuta inasimamisha moto, inasimamisha nozeli, na pampu ya mafuta haisukumi. Fundi akichomoa mpira wa mafuta akakuta pakavu anasema pampu imekufa. Unanunua pampu. Pampu haikuwa na kosa lolote.

Inazima wakati gani?

Weka daftari dogo kwenye gari au andika kwenye simu. Kila likizima andika: injini ilikuwa baridi au ya moto, kulikuwa na mvua au umande, ulikuwa umepita kwenye matuta, ilichukua muda gani hadi kuwaka tena. Matukio machache tu yanatosha kuonyesha mwelekeo.

*Asubuhi na wakati wa mvua.* Hapa Mwanza hii ndiyo inayoongoza. Mvua zetu nyingi hutoka ziwani usiku na alfajiri, na gari linalolala karibu na maji linaamka limelowa hata kama haikunyesha. Injini ikipoa usiku, hewa iliyo ndani ya kofia inapoa nayo na kuacha umande ndani. Ongeza wale wanaoosha injini kwa pampu ya presha. Unyevu unashughulika na sehemu za umeme mkubwa: kofia, rota (kipande kinachozunguka chini ya kofia na kugawa moto) na waya za plagi.

*Baada ya injini kupata moto.* Foleni, mlima wa Bugando, safari ndefu ya kwenda Magu. Linazima, linapoa, linawaka. Hapo shuku ignita, koili, pikapu, na kwenye magari ya zamani kondensa. Vitu hivi ndani vina nyaya nyembamba zinazotanuka kwa joto na kuachana, zikipoa zinagusana tena.

*Matuta na barabara ya mawe.* Linakata na kurudi ndani ya sekunde, linashtuka. Tafuta soketi iliyolegea, waya uliokatika ndani ya ganda lake, athi mbovu (waya wa hasi unaofungwa kwenye chuma cha gari), au shafti ya distributa inayocheza.

Mama mmoja alikuwa na gari aina ya pikapu ya kubebea dagaa kutoka Mwaloni Kirumba. Alivyoieleza: "Fundi, alfajiri haiwaki hata uisukume. Ikishapigwa jua, inawaka yenyewe kama haijawahi kuugua." Sentensi hiyo ilikuwa nusu ya kazi. Betri ilikuwa imeshabadilishwa na stata imeshafunguliwa. Kofia ilipofunguliwa na kugeuzwa kwenye mwanga, ulionekana mstari mwembamba mweusi kutoka kwenye kituo cha silinda ya pili hadi kwenye tundu la skrubu. Ukiupangusa hautoki. Moto ulikuwa umejichimbia njia yake kwenye plastiki, na kila umande ulipoingia, ulikimbilia kwenye chuma cha injini badala ya plagi.

Likizima barabarani: vipimo vya hapo hapo

Beba vitu hivi: plagi moja nzima ya akiba, kipande cha waya chenye klipu pande zote mbili, testa ya taa au mita ndogo ya umeme, bisibisi ya nyota, spana namba 8 na 10, na kitambaa kikavu. Vyote vinaingia kwenye mfuko mdogo.

1. Usikimbilie kupiga stata mfululizo. Unaimaliza betri, unazilowesha plagi kwa petroli, na zaidi ya yote unaipa hitilafu nafasi ya kutoweka kabla hujaiona. Vuta breki ya mkono, weka gia huru.

2. Swichi ikiwa imezimwa, chomoa waya mmoja wa plagi kwa kushika mpira wake, usivute waya wenyewe. Chomeka plagi ya akiba kwenye waya huo, kisha funga chuma cha plagi kwenye injini kwa ule waya wa klipu. Usiiache ikining'inia hewani: moto ukikosa pa kwenda unaweza kuiua ignita.

3. Mwambie mwenzako apige stata sekunde chache, wewe ukae mbali kidogo na uangalie. Cheche nzuri ni ya bluu na inasikika ikigonga. Ya njano, nyembamba, inayokuja na kupotea ni dhaifu. Cheche ikiwa nzuri wakati huo huo gari limegoma, achana na distributa kwa sasa, nenda kwenye mafuta.

4. Hakuna cheche? Kama koili iko nje, rudia kipimo kwenye waya wa katikati unaotoka kwenye koili. Moto ukiwepo hapo na kwenye plagi haupo, unapotelea kwenye kofia, rota au waya za plagi. Usipokuwepo hapo pia, tatizo liko nyuma: koili yenyewe au umeme mdogo unaoiendesha.

5. Washa swichi bila kupiga stata. Pima upande chanya wa koili: unatakiwa kupata karibu na volti za betri. (Magari ya zamani yenye waya wa kupunguza umeme yatasoma chini zaidi, hiyo ni kawaida yake.) Ukikosa kabisa, umeme haufiki: fyuzi, soketi au swichi ya funguo.

6. Umeme ukiwepo, weka testa ya taa kati ya upande hasi wa koili na athi, kisha mwenzako apige stata. Taa ikipepesa, ignita au platini inafanya kazi yake na koili ndiyo inayoshutumiwa. Isipopepesa, shuku ignita, pikapu au platini.

Kama koili imefungiwa ndani ya distributa, hatua ya nne itakupita na ya tano na sita utapima kwenye soketi ya nje kama waya zinafikika. Kwenye 4A za EFI kuna njia nyingine rahisi zaidi, nayo inasahaulika sana.

Tafuta kisanduku kidogo chenye maandishi DIAGNOSIS kwenye chumba cha injini. Fungua kifuniko, soma ramani ya vituo iliyo upande wa ndani, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini kwenye dashibodi itapepesa namba. Ikipepesa mara moja, ikatulia, ikapepesa mara nne, hiyo ni 14: kompyuta haikupata jibu la ignita. Namba 12 na 13 zinahusu ishara ya mzunguko, yaani pikapu na waya zake. Ikipepesa bila kukoma kwa mwendo mmoja, hakuna kilichorekodiwa. Uwe makini na vituo, ukiunganisha visivyo unaweza kuunguza kompyuta. Na mwambie fundi asichomoe betri kabla hujasoma, maana kumbukumbu hiyo inafutika. Mafundi wengi wakifika tu wanachomoa betri, sijui nani aliwafundisha.

Kuifungua kofia

Kazi hii fanya injini ikiwa imepoa. Kabla ya kuchomoa waya hata mmoja, piga picha, na uweke alama ya waya wa silinda ya kwanza. Injini nyingi za silinda nne nilizozitaja zinawaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, lakini ukikosea pa kuanzia mpangilio hautakusaidia.

Geuza kofia kwenye mwanga wa jua au tochi, uitazame kwa pembe. Pangusa kwa kitambaa kikavu kwanza, ili vumbi lisikudanganye. Mistari myeusi inayobaki ni njia za moto zilizoungua. Kuna wanaoikwangua kwa wembe kisha wanarudisha. Itakwenda siku mbili tatu na kurudi pale pale, kwa sababu kaboni imeshaingia kwenye plastiki. Tupa hiyo kofia. Nyufa ni vivyo hivyo, nazo hupenda kuanzia kwenye matundu ya skrubu yaliyokazwa kupita kiasi.

Katikati kuna kitufe cha kaboni chenye springi. Kibonyeze: kirudi chenyewe. Kikikwama au kikiwa kimeisha, moto unaruka pengo lisilotakiwa na rota inaungua. Vituo vya pembeni vyenye unga mweupe au wa kijani vimeliwa na gesi ya ozoni inayozalishwa na cheche zenyewe humo ndani. Distributa ina kitundu cha kupumulia ili gesi hiyo na unyevu vitoke. Vumbi letu la kiangazi likikiziba, vyote vinabaki ndani. Kizibue kwa waya mwembamba.

Oili ndani ya kofia maana yake sili ya shafti imechoka. Kusafisha peke yake hakutoshi, itarudi. Oringi ya nje ikivuja utaona oili kwenye kichwa cha injini, haiingii kwenye kofia, na yenyewe ni ya bei ndogo. Kwa Nissan za GA oili ni mbaya zaidi, kwa sababu ndani yake kuna sensa inayosoma kwa mwanga kupitia sahani yenye matundu madogo. Uchafu ukiifunika, injini inakata bila mpangilio.

Rota ndiyo inayowaponyoka wengi. Ncha iliyoungua inaonekana, hiyo haina shida kuigundua. Shida ni rota iliyotobolewa: moto unapenya kwenye plastiki na kuingia kwenye shafti iliyo chini. Ivue, iangalie tumboni. Kidoti cheusi kidogo kama cha kalamu kinatosha kuzima silinda zote nne, tena inaanza kwa kuzima pale tu unapokanyaga mafuta mlimani. Kwa bei ya rota, ukiwa na wasiwasi badilisha.

Kisha shika shafti uitikise kushoto na kulia. Mchezo kidogo sana unavumilika. Ikiyumba hadi unaiona kwa macho, beringi au bushi imekwisha, na hapo hakuna kofia wala pikapu mpya itakayotulia. Kwenye platini, pengo huwa karibu milimita 0.4 hadi 0.5; likibadilika kila pembe ya kamu, ni shafti hiyo hiyo. Pikapu za Toyota nyingi zinataka milimita 0.2 hadi 0.4, na filageji (vibati vyembamba vya kupimia pengo) iwe ya shaba au plastiki, ya chuma itavutwa na sumaku.

Waya za plagi zipime kwa mita. Kwa Toyota, waya usizidi kiloohm 25. Upinde na kuutikisa huku ukipima. Namba zikiruka, umekatika ndani.

Kuipasha moto kwa makusudi

Kama daftari lako linasema joto, pima pikapu ikiwa baridi. Kwenye distributa nyingi za 4A, pikapu ya NE (ya mzunguko wa injini) inasoma takribani ohm 370 hadi 550, na ya G (ya nafasi ya silinda) takribani 185 hadi 275. Namba za injini nyingine ni tofauti, lakini unachotafuta si namba kamili. Azima draya ya saluni, ipulizie distributa taratibu huku mita imeunganishwa na mkono mwingine unachezesha waya za pikapu. Ohm kupanda kidogo kwa joto ni kawaida. Zikiruka, au mita ikasoma hakuna njia kabisa, umeshika mwizi wako.

Ignita huwezi kuipima hivyo. Kama imefungwa kwenye bati, ifungue uone kama ile pasta nyeupe ya kupitisha joto ipo. Aliyeifungua awali mara nyingi anaifuta akidhani ni uchafu, na ignita inaungua polepole. Likizima barabarani na cheche hakuna, zima swichi, kamua vizuri kitambaa chenye maji na ukifunike kwenye mwili wa chuma wa ignita au koili kwa dakika chache, kimoja kimoja, mbali na matundu ya waya nene. Ondoa, kausha, piga stata. Kilichopozwa na gari likawaka ndicho cha kubadilisha. Usimwage maji.

Usiku, kwa hitilafu ya unyevu

Egesha mahali penye giza na penye hewa, washa injini, zima taa zote. Kwa chupa ya kunyunyizia, ya wasusi inafaa, rusha ukungu mwepesi wa maji juu ya waya na kofia, ukiwa umesimama mbali na feni na mikanda. Ukiona nyuzi za bluu zinakimbia kwenye ganda la waya au kuzunguka kofia, na mlio wa injini ukaanza kumisi, pahala umeshapaona. Usiguse kitu.

Kopo la dawa ya kufukuza maji linasaidia kukufikisha nyumbani, ila ukipulizia ndani ya kofia acha ikauke kabisa kabla ya kufunga. Mvuke wake unawaka, na humo ndani kuna cheche.

Kurudisha na kujaribu

Nunua kwa kulinganisha na ya zamani mkononi, usinunue kwa jina la gari pekee. Kofia za 4A peke yake ziko za aina zaidi ya moja. Ukilazimika kuichomoa distributa nzima, weka alama mbili kabla: rota ilikokuwa inaelekea, na mwili wa distributa ulipokaa kwenye injini. Baada ya kuirudisha, taiming (wakati wa kupiga cheche) ya 4A inasetiwa TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa, nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu, kwa taa ya taiming. Kusikiliza kwa sikio hakutoshi.

Halafu lirudishe gari kwenye kile kile kilichokuwa kinalizima. Kama ni joto, lipeleke foleni ya mchana ya Nyerere au ulipandishe mlima. Kama ni umande, lilaze nje. Kuzunguka gereji mara moja hakuthibitishi chochote.

Na likizima tena baada ya yote hayo, angalia fungu la funguo linaloning'inia kwenye swichi. La nyumba, la ofisi, la kufuli, la geti: uzito huo ukicheza kwenye matuta unachosha swichi hadi inakata umeme wa koili kwa nukta moja. Vua funguo zote, endesha siku kadhaa na wa gari peke yake. Hali ikibadilika, badilisha swichi, distributa iache ilivyo.